Kidhibiti Kisiwe na Kitambi: Mwongozo kwa Anayeandika Programu ya Duka Kariakoo

Umepewa kazi ya kuandika programu ya duka la jumla la khanga, Mtaa wa Uhuru. Tajiri anaitaka kabla ya Idi, na wewe vidole vinakuwasha. Tulia kwanza, ugawe majukumu. Usipogawa, wiki ya kwanza duka litauza vizuri, kisha kila utakapogusa huku patabomoka kule.

Mgawanyo wenyewe si mgeni. Mnorwe Trygve Reenskaug aliuandika mwaka 1979, alipokuwa Xerox PARC, California. Wahusika ni sehemu tatu za programu: modeli, mwonekano na kidhibiti. Fuata hatua hizi.

1. Modeli ishike mali na sheria. Doti moja ni vipande viwili. Bei ya jumla inaanzia doti 20. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18. Haiuzwi khanga ambayo haimo stoo. Sheria zote hizo ziandike kwenye modeli, kila moja mara moja tu. Hadi mwaka 2009 VAT yetu Tanzania ilikuwa asilimia 20. Aliyeichomeka 20 kwenye fomu ya mauzo, kwenye ankara na kwenye ripoti ya mwezi alijitafutia sehemu tatu za kurekebisha, na ya tatu ndiyo husahaulika.

2. Mwonekano ujipambe, usipige hesabu. Kuweka mkato kwenye 1,250,000 ni kazi yake. Kupaka nyekundu khanga inayokaribia kwisha ni kazi yake pia. Lakini nani aseme doti tano ni chache? Modeli. Mwonekano unapewa jibu, unapaka rangi. Faida yake utaiona tajiri akiwa Guangzhou kufuata mzigo: yeye anaangalia mauzo kwenye simu, keshia yuko kwenye kompyuta Kariakoo. Skrini mbili tofauti kabisa, stoo ni ileile na hesabu ni ileile.

3. Kidhibiti kipokee, kikabidhi, kipishe. Keshia ameandika doti 12 na kubonyeza "Uza", kumbe stoo zimo 10. Kidhibiti kinapokea ombi, kinahakikisha kilichoandikwa ni namba, kinaiambia modeli iuze. Modeli inakataa. Kidhibiti kinachagua skrini ya kurudisha, na mwonekano unaandika: "Zimebaki doti 10." Basi. Kidhibiti kinachokokotoa VAT, kinachopunguza stoo na kupanga punguzo la mteja wa Lubumbashi kimekula kazi za wenzake, na kitambi kinaonekana. Kiunzi cha programu kama Laravel kinakuja na folda za wote watatu, ila hakitakuzuia kujaza kila kitu kwenye moja. Nidhamu ni yako.

4. Jipime kwa mkesha wa Idi. Watu wamejaa hadi barazani. Makeshia wawili wanauza doti ileile ya mwisho kwa wakati mmoja. Kama kidhibiti ndicho kinachosoma stoo, kisha upunguzaji ukafanyika baadaye mahali pengine, wote wawili watasoma 1 na wote watauza. Mteja mmoja amelipa, mzigo hana. Kwa hiyo kukagua na kupunguza vikae pamoja ndani ya modeli, kwenye muamala mmoja wa hifadhidata, na safu mlalo ya bidhaa ifungwe mpaka muamala umalizike.

5. Ukibabaika, jiulize swali moja. Nikizitupa skrini zote leo na kuandika programu ya simu, msimbo huu nitauhitaji? Kama duka haliendeshwi bila huo, ni wa modeli. Kama unakwenda na skrini, ni wa mwonekano. Kama kazi yake ni kupokea alichobonyeza mtu na kumwelekeza panapofuata, ni wa kidhibiti.

Usiseme duka ni dogo, mgawanyo utakuja baadaye. Hesabu ya mfumo ikipishana na ya stoo, anayebanwa kwanza si mwandishi wa programu. Anabanwa keshia, na huenda upungufu ukakatwa kwenye mshahara wake. Kwa ajili yake, gawa majukumu kabla doti ya kwanza haijauzwa.