Bwana Mkubwa Asiyesikilizwa Kwake

Mwenzangu mwenye mdogo wa kiume asiyekua, na dada wasioishiwa neno, njoo nikujulishe kwa mkubwa wetu: Sir Ralph Verney wa Claydon, Buckinghamshire, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1613. Alikuwa baroneti. Hicho ni cheo cha kurithi, kilichoanzishwa na Mfalme James I mwaka 1611 akitafuta pesa za askari wake kule Ireland. Mwenye mashamba alidaiwa pauni 1,095, naye akapata kuitwa "Sir", na mwanawe baada yake. Mke wangu, ninayemwita Hakimu kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa, aliuliza kama bei hiyo ilikuwa pamoja na kusikilizwa nyumbani. Haikuwa. Ralph alikipata cheo mwaka 1661, na kufikia hapo ndugu zake walikuwa wameshamchosha.

Balaa lilianza na vita. Oktoba 1642 baba yake, Sir Edmund, aliuawa kwenye mapigano ya Edgehill akiwa mshika bendera wa Mfalme Charles I. Ralph mwenyewe alikuwa mbunge, na Bunge ndilo lililokuwa likipigana na huyo mfalme. Baba huku, mtoto kule. Sisi hapa Simba na Yanga tu zinatosha kututenganisha mezani, sembuse hayo.

Mzee alimwachia madeni, wadogo wa kiume na dada watano ambao hawajaolewa. Usidhani dada watano ni neema ya ng'ombe. Kwao enzi hizo mahari ilitoka kwa kina binti, na pesa ya kuwatoa ilitegemea mapato ya mali ambayo vita vilikuwa vikiyakausha. Kisha mwaka 1643 Bunge likataka watu waape kiapo cha dini ambacho lilikubaliana na Waskoti. Ralph, mtu wa dhamira, akagoma. Akamchukua mkewe akahamia Ufaransa, wakakaa Blois, na nyuma yake mashamba yakazuiwa. Dada waliachwa Claydon, wakaanza kuandika barua.

Lakini nikuambie kuhusu mkewe, Mary. Walioana mwaka 1629, yeye ana miaka 13, bwana harusi 15, watoto kabisa. Mwaka 1646 huyo Mary, mjamzito, ndiye aliyerudi London kubembeleza wakubwa ili mashamba yarudishwe. Mume akabaki Blois na kalamu. Katikati ya msukosuko huo wakapata nafasi ya kugombana kwa barua kuhusu jina la mtoto. Mary aliamua akiwa wa kiume aitwe Ralph, na akamwonya mumewe asimpinge. Mume akajibu kwamba hataki, akapendekeza Richard. Mtoto alizaliwa mwaka 1647, wa kiume, akabatizwa Ralph. Niliposoma hapo Hakimu aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichambua, akasema, "Sasa yeye alikuwa anabishia nini?"

Mtoto hakuishi. Mwaka huohuo binti yao Peg naye akafa Ufaransa, mama akiwa mbali. Mary aliyapata mashamba, akarudi kwa mumewe, akafa mwaka 1650. Ralph aliishi karibu nusu karne zaidi na hakuoa tena.

Turudi kwa wasumbufu, maana wao hawangojei mtu amalize kulia. Mimi nina shemeji tunamwita Kesho, kwa kuwa ndiyo siku anayolipa. Ujumbe wake huanza na dua ndefu kwa familia nzima na kuishia kwenye kiasi, "pamoja na ya kutolea." Nilidhani ni fundi wa kwanza wa kazi hiyo mpaka nilipokutana na Tom Verney, mdogo wa Ralph. Alipopenda binti asiyetakiwa kwao, wakamsafirisha Virginia, Marekani, mwaka 1634. Hata mwaka haukuisha, akarudi. Wakampeleka Barbados. Kutoka huko akamwandikia baba barua akiyasifu matunda ya kisiwa kama muuza duka, halafu chini akaomba aletewe watumishi ishirini, mafundi wakiwemo. Alipokosa baba akahamia kwa kaka, na kaka, huku akinung'unika, alikuwa akitoa. Hata Kesho hajawahi kuomba maseremala.

Na dada yao Betty, kitindamimba? Jamaa walikuwa wakisukumiana nani akae naye, kwa kiburi na uvivu wake. Mwaka 1662, cheo cha kaka kikiwa bado kipya, bibi huyo akaolewa kimyakimya na kasisi msaidizi asiye na kitu. Baroneti akapata shemeji.

Haya yote tunayajua kwa sababu Sir Ralph hakutupa karatasi. Barua za familia yake zilizosalia zinapita 30,000, zikiwamo rasimu za majibu yake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1892 vilitolewa vitabu vya barua hizo, kazi iliyoanzwa na Parthenope, aliyeolewa katika ukoo huo na ambaye ni dada wa muuguzi mashuhuri Florence Nightingale. Nami nina boksi la risiti chini ya kitanda ambalo Hakimu kila Jumamosi hutaka kuwashia jiko.

Ralph alifariki mwaka 1696. Mwanawe mkubwa alikuwa ametangulia, kwa hiyo mali ilikwenda kwa mwanawe mdogo, John, aliyewahi kupelekwa Aleppo, nchi ya Shamu, akajifunza biashara na kuhesabu shilingi. Tom? Tom alikufa mwaka 1707, akiwa amepita miaka 90.