Ukisikia Gari la Matangazo Voi: Mwongozo kwa Mgeni Asiyejua

Umehamia Voi. Pengine umeletwa na uhamisho wa kazi, pengine na ndoa, pengine ulisinzia kwenye treni ukashuka ukidhani umefika Mombasa. Vyovyote iwavyo, karibu. Mji wenyewe hautakusumbua. Barabara kuu utaiona, reli mbili utazisikia, ile ya mkoloni na ile ya 2017, na vumbi jekundu litakuzoea wewe kabla hujalizoea. Jambo litakalokutesa ni matangazo ya mikutano na huduma, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya watu ambao tayari wanajua yanachosema.

Tuanze na gari. Linapita mtaani polepole, spika mbili juu ya paa, na lina tabia moja ya ajabu: likiwa mbali unasikia kila neno, likifika mlangoni pako husikii kitu. Utaambulia “wananchi wote”, “saa tatu kamili” na “bila kukosa”. Siku na mahali vimechukuliwa na upepo. Usilikimbilie, utapata vumbi bure. Subiri Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, pale matangazo yanaposomwa watu wameshavaa viatu vya kuondokea, au muulize mama wa maandazi. Yeye anajua siku, anajua mahali, na anajua pia kama kutakuwa na soda.

Kuhusu “saa tatu kamili”: neno la kuzingatia hapo ni “kamili”. Mkutano wa saa tatu tu unaweza kuanza saa nne. Ule wa saa tatu kamili huanza saa tano, na ule wa “saa tatu kamili bila kukosa” una mgeni wa heshima, kwa hiyo beba chakula. Ukifika mapema kama ulivyofundishwa kwenu, utamkuta mlinzi peke yake.

“Mwanedu, kikao ni hapa?”

“Ni hapa.”

“Kimeisha?”

“Hakijaanza.”

“Kitaanza saa ngapi?”

“Saa tatu.”

Saa hiyo ni saa nne na robo, na hakuna anayedanganya. Saa tatu itafika viti vitakapofika.

Mahali napo pana mitego. Ukiambiwa kikao kiko Tanzania, usitafute pasipoti. Tanzania ni mtaa wa hapa Voi, unafika kwa miguu. Tanzania ile nyingine iko ng'ambo ya Taveta, zaidi ya kilomita mia moja, na huko hutahitajika. Vilevile Kaloleni ya hapa si ya Kilifi, Msambweni si ya Kwale, na Sofia haina uhusiano wowote na Bulgaria. Na usiudharau huo mtaa wa Tanzania na jirani yake Bondeni kwa sababu ya majina. Miaka ya 1990, wakazi wa Tanzania-Bondeni walipokuwa wanapangiwa makazi, walikataa kila mtu kukatiwa hati yake, wakachagua kuishika ardhi kwa pamoja, mtu amiliki nyumba na jumuiya imiliki kiwanja, ili tajiri asije akawanunua mmoja mmoja wakabaki barabarani. Wataalamu wa miji wameuandika mfano huo sana. Ulitokana na vikao, na sina shaka navyo vilichelewa kuanza.

Sasa tuseme unatafuta ofisi. Hapa mgeni huanguka kifudifudi, maana hudhani kwamba mji mkubwa ndio makao makuu. Voi ndio mji mkubwa. Makao makuu ya kaunti ni Mwatate. Lakini makao ya wilaya tangu zamani yalikuwa Wundanyi, kule juu mlimani kwenye baridi, na faili ni kama wazee, hazipendi kuhamishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia “nenda kaunti”, muulize kwanza ipi kati ya hizo tatu, kisha uulize mtu mwingine. Ukitumwa Wundanyi, chukua sweta, na ukiweza nenda Jumanne au Ijumaa, siku za soko. Matatu zitajaa, ni kweli, ila karatasi yako ikikosekana angalau utashuka na kabichi. Ukitumwa Taveta, soko ni Jumatano na Jumamosi, na hapo utarudi na ndizi.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna atakayekueleza dirishani, nalo ni kwamba Voi inaongozwa na serikali mbili kwa wakati mmoja na kila moja hufurahi sana tatizo likiwa la mwenzake. Mgawanyo umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Usicheke, lisome. Shimo lililo kwenye barabara kuu ya Mombasa ni la mamlaka ya barabara kuu, yaani Nairobi. Shimo lililo mbele ya duka lako huenda ni la kaunti. Ukipiga simu, taja shimo kwa jina la barabara, la sivyo utahamishwa kutoka meza hadi meza mpaka mvua ilifukie. Taka za sokoni ni za kaunti. Taa ya mtaani ni ya kaunti, lakini stima iliyo ndani yake ni ya kampuni ya umeme, ndiyo maana taa inaweza kuwa nzima na giza likawa palepale. Hospitali ya rufaa ya Moi ni ya kaunti. Polisi ni wa taifa. Mtoto wa chekechea ni wa kaunti, na akiingia darasa la kwanza, hata kama madarasa yametenganishwa na ua wa michongoma, amehamia serikali kuu bila hata kufungasha.

Chifu, ambaye utamhitaji kuliko mtu yeyote, ni wa taifa. Muhuri wake hautoki kaunti, ingawa kaunti itaudai. Utaona hilo msimu wa basari. Kuna basari ya wadi, inayopitia kaunti, na kuna basari ya hazina ya eneobunge, inayopitia ofisi ya mbunge. Fomu zinafanana, maswali yanafanana, muhuri ni uleule, na foleni ni tofauti. Mzazi mwerevu hujaza zote mbili. Mgeni hujaza moja, kisha huipeleka kwenye ofisi isiyo yake siku ya mwisho.

Halafu kuna ndovu. Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta ni hifadhi za Tsavo, Mashariki na Magharibi, kwa hiyo tukihesabu kwa ardhi, ndovu ndio walio wengi na sisi ni upinzani. Ndovu akiingia shambani kwako usiku, usiende ofisi ya wadi asubuhi kulalamika. Mahindi ni ya kaunti, ndovu ni wa taifa. Piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo makao yake ya Tsavo Mashariki yako hapa hapa Voi, na ripoti iandikwe mara moja. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na mazao nayo yana fomu yake. Dai hupitia kamati ya kaunti, kisha huanza kungoja. Watu wa taabu hiyo watakuambia wenyewe ni miaka mingapi. Wakulima wa Sagalla hawakungoja. Walizungushia mashamba mizinga ya nyuki kwenye waya, ndovu akigusa waya nyuki wanatoka, na ndovu kwa ukubwa wake wote huwaogopa nyuki. Asali ikauzwa juu yake. Mimi sijaona huduma ya umma inayofanya kazi kwa kasi hiyo.

Maji nitayasema kwa ufupi, kwa kuwa huja kwa ufupi. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 maji yake yamesafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Voi huchota humo kiasi chake. Mengine hupita yakienda kuogesha watalii wa pwani. Utasikia kuna ratiba ya mgao. Iheshimu, lakini usiiamini. “Maji yatakuja Jumanne” ni taarifa ya kweli ambayo haikutaja wiki. Acha mfereji wazi usiku ndoo ikiwa chini, mlio wa saa nane ndio ratiba. Jifunze jina la kijana wa mkokoteni, umwite kwa heshima, usimpunje hata shilingi kumi. Siku mabomba yatakapokauka, atamkumbuka aliyempunja.

Turudi kwenye mkutano, maana ndio uliokuleta. Hema limefika, viti vya plastiki vimefika, na afisa amefika. Yatafuata maombi, mawili kwa usawa wa dini, kisha utambulisho. Utambulisho ndio mkutano wenyewe kwa mtazamo wa wengi walio meza kuu. Atatambuliwa naibu wa chifu, watatambuliwa wazee wa mtaa, atatambuliwa mheshimiwa ambaye hakuja na aliyemtuma. Kila msemaji atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya tangu mwanzo. Kina mama wa kikundi watacheza, na hiyo ndiyo sehemu pekee iliyofanyiwa mazoezi.

Wakati huohuo daftari la mahudhurio linapita. Hapa, mgeni, amka. Kila kitu kingine katika mwongozo huu unaweza kukisahau, ila hili nalisema bila mzaha. Katiba, ibara ya 196, inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Ushahidi kwamba mlishirikishwa si vigelegele, ni daftari hilo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila kaunti inalipenda daftari kuliko inavyompenda aliyelisaini. Saini yako inathibitisha kwamba uliketi, ukaonyeshwa, ukaulizwa. Kwa hiyo usiweke jina kabla waraka haujafunguliwa, hata soda ikiwa tayari imefunguliwa.

Waraka wenyewe utakuwa mnene, utakuwa mmoja, na utakuwa kwa Kiingereza. Simama uombe maelezo kwa Kiswahili. Si fadhila unaomba: ibara ya 7 ya Katiba hiyohiyo inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Utaangaliwa kama mkorofi. Mzee mmoja nyuma atapiga makofi, na ghafla afisa ataonekana anakijua Kiswahili vizuri sana.

Wapo watakaokunong'oneza kwamba vikao hivi ni vya bure, mambo yalishaamuliwa. Wana hoja, lakini wakumbushe historia ya hapa. Waingereza walipotaka reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta mwaka 1915 ili wakapigane na Wajerumani, waliijenga haraka, na hakuna aliyeitwa hemani kutoa maoni. Na mwaka 2019 Gavana Granton Samboja alipozozana na wawakilishi wadi juu ya bajeti, ugomvi ulifika mahali akaanza kukusanya saini za wananchi ili kaunti yenyewe ivunjwe, nao wakapiga kura ya kumng'oa, Seneti ikamwacha kitini. Kaunti ya watu 340,671, kwa sensa ya mwaka huohuo, ilikaribia kufutwa kwa saini. Wanasiasa hawapigani hivyo juu ya kitu cha bure.

Kosa la wananchi wengi ni la kalenda. Wao huja Mei na Juni, wamekasirika, wanadai kisima na zahanati. Kumbe sheria ya fedha za umma ya 2012 imepanga tarehe, na hizo, tofauti na saa tatu kamili, hazichezi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara itatumia, hupelekwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yanafuata Aprili 30, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Kisima kisichokuwa kwenye mpango wa Septemba ni kigumu kukipenyeza Februari, na idara iliyobanwa Februari haina pa kukiweka Aprili. Anayepaza sauti Juni anaimba matanga.

Basi mwakani gari la matangazo likipita Agosti au Februari, mama wa maandazi akikuthibitishia siku, nenda. Vaa kofia, beba maji na kalamu yako mwenyewe. Wakiuliza nani ana swali, usiulize habari za maendeleo kwa jumla. Omba ukurasa wa wadi yako, usome mstari mmoja mmoja kwa sauti, na mradi ambao haumo utajwe na uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ukishaona umeandikwa, saini daftari.