Namna ya Kuliharibu Kabati la Bibi kwa Ustadi

Sharti la kwanza ni kuwa na bibi. Asiye naye anaweza kujinunulia kabati kuukuu la watu pale Keko, lakini hatafaidi sana, maana utamu wa kazi hii uko katika kuulizwa na ukoo mzima, "Nani alikuruhusu?" na kukosa la kujibu.

Langu lilitoka Tanga juu ya fuso, limebanwa katikati ya magunia ya machungwa ya Muheza, likafika Dar es Salaam linanukia machungwa, udi na kafuri. Ni kabati la kioo, lile ambalo watu wa mjini huliita dresingi tebo: droo nne, miguu iliyopinda kama ya mbuzi anayetaka kuruka, na kioo chenye madoa meusi ambacho tangu niko darasa la pili hakijamwonyesha mtu sura yake yote. Bibi alikuwa ameshatangulia. Shangazi alisema likae kwangu kwa muda. Mke wangu akasema litakaa chumba cha kulia, liwekewe vyombo vya wageni.

Nieleze kwamba nyumba yetu ina chumba cha kulia ila hatuli humo. Tunakula sebuleni, sahani mapajani, tunatazama taarifa ya habari. Chumba cha kulia kipo ili mgeni akipita ajue kwamba tungetaka tungeweza.

Ukishalishusha kabati, majirani watakuja kukwambia ni mninga. Hakuna kabati kuukuu nchini lisilo la mninga, kama ambavyo hakuna kuku sokoni asiye wa kienyeji. Usibishane nao. Wakiondoka, chomoa droo ya chini, igeuze, paruza kidogo kwa kisu pale ambapo vanishi haikufika. Mninga una wekundu wa kahawia wenye michirizi. Mvule ukikatwa huwa na umanjano, kisha ukikaa kwenye mwanga na hewa hugeuka kahawia. Na ndani yake pengine mna vijiwe vigumu vinavyong'oa meno ya msumeno, ndiyo maana mafundi huununia. Mbao ikiwa nyeupe na nyepesi, huo ni msonobari uliopakwa rangi ukafanana na mninga. Hiyo ilikuwa siri ya bibi yako na fundi wake, ifukie. Langu lilikuwa mvule. Jirani mmoja mpaka leo huwaambia watu habari za mninga wangu.

Hatua inayofuata ni kutoa vitu vilivyomo. Tenga nusu saa ya kuvitoa na siku nzima ya kusoma magazeti yaliyotandikwa chini yake. Mimi nilitoa Uhuru la zamani, nikakaa sakafuni nikalisoma hadi matangazo ya vifo, nikawasikitikia watu ambao wajukuu zao sasa wana wajukuu. Droo tatu zilifunguka kwa kubembelezwa. Ya juu ilikuwa na kitasa, imefungwa, na ufunguo haupo. Mwenye akili angepiga simu Tanga. Mimi niliita fundi.

Fundi alikuja na patasi na nyundo, akaifungua kwa mlio ambao meno yangu hayajausahau. Ndani mlikuwa na vifungo vya nguo visivyofanana, kadi ya TANU, na mche wa sabuni uliokauka ukawa jiwe. Ile sabuni niliielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa vitu vya foleni, na serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, watu waliogopa hata bidhaa zao halali. Wako waliozitupa usiku wa manane. Bibi hakuwa mhujumu uchumi. Alikuwa mwanamke mwenye mche mmoja wa akiba na kitasa kizuri. Kitasa hicho sasa fundi alikuwa nacho kiganjani, vipande viwili.

Kabla ya kukwangua, ujue limepakwa nini. Chovya pamba kwenye spiriti, iguse mahali pa kificho. Pakinata, hiyo ni shelaki, inayotokana na ute mgumu wa wadudu wadogo wa India na Thailand: bibi yako alikuwa akipanga manukato yake juu ya jasho la wadudu na hakuna aliyemwambia. Pasiponata, jaribu thina. Pakiyeyuka, hiyo ni laka. Vyote viwili visipofanya kitu, una vanishi ya mafuta, au una oili chafu ya gari, ambayo nchi hii imepaka juu ya kila kitu isipokuwa mkate. Na kama ni rangi ya zamani, usiisugue kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Hapa sitanii. Ilowanishe, funika sakafu, fukuza watoto, kisha tuendelee na utani.

Madoa ya duara yana lugha yake. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa kwenye vanishi, yaani kikombe cha chai cha mtu mvivu. Duara jeusi limeingia ndani ya mbao yenyewe: maji, chuma na mbao vimekutana vikafanya wino. Kwangu jeusi lilikuwa moja, kubwa, la kitako cha birika. Kulitoa kwa kukwangua kunataka ushuke hadi ulikute tumbo la kabati. Tulikwangua.

Msasa una namba, na namba zake zimepangwa kinyume cha akili: ndogo ndiyo kali. Unaanza na 80, unakwenda 120, unapita 180, unamalizia na 240, na kila mara mkono unafuata nyuzi za mbao, haukati. Fundi wangu alikuwa na msasa mmoja. Nilipomuuliza namba aliugeuza, akautazama mgongoni, akasema, "Bosi, huu ni wa kawaida." Aliuendesha kwa mizunguko, kama mtu anayesugua sufuria la ugali. Usimkatize fundi wa namna hii, maana mikwaruzo inayokata nyuzi haionekani mpaka vanishi ikauke. Ikikauka, utaiona ukiwa barazani, bila miwani. Wewe kazi yako ni kuvaa barakoa, kwa sababu vumbi la mvule huwasha ngozi na kuchoma pua, kisha kumpelekea chai.

Sasa mashimo. Dumuzi wa mbao huacha vitundu vidogo vya mviringo. Chini ya kitundu pakiwa na unga mpya mweupe, mwenyeji yumo na anakula. Mtie dawa kwanza, ndipo uzibe mlango. Kuziba ni rahisi: vumbi laini la mbao ileile, gundi nyeupe, koroga ifanane na uji mzito wa ulezi, jaza, subiri, piga msasa. Ubaya ni kwamba uji huo ukikauka haunywi rangi kama jirani zake, kwa hiyo kila shimo ulilolificha litajitambulisha lenyewe kwa doa. Fundi alijaza vitundu vyote, akajaza nyufa, akaona kopo bado lina uji, akajaza na tundu la ufunguo. Kitasa si kimeshatoka? Nilimsifu kwa kutotupa kitu.

Hapo mke wangu akaleta simu, akanionyesha kabati la Ulaya lililopakwa rangi nyeupe kisha likakwaruzwa pembeni ili lionekane la zamani. Nikamwambia letu ni la zamani tayari, tena bila gharama, na mikwaruzo fundi ameshatupa. Tukakubaliana vanishi. Hii inapakwa nyembamba, mara tatu, kila mkono ukauke usiku kucha na usuguliwe kidogo kabla ya mwingine. Kopo linakorogwa, halitikiswi, usije ukapaka mapovu. Usiipake masika. Sisi tulipaka Aprili, chini ya turubai, na ilikaa siku tano ikinata. Katika siku hizo ilipokea vumbi, manyoya ya kuku, kumbikumbi wawili na kiganja kizima cha mwanangu wa mwisho. Kiganja nimekiacha. Kumbikumbi mmoja naye yumo bado, chini kushoto, ameng'aa kuliko kabati.

Droo zitagoma. Mbao huvimba wakati wa mvua, na wale wazee walioita droo mtoto walijua wanachosema: ukimvuta kwa nguvu anang'ang'ania, ukimwacha anatoka mwenyewe usiku wageni wapo. Sugua mshumaa kwenye reli zake. Hii ndiyo hatua pekee katika mwongozo huu iliyofanikiwa kwangu mara ya kwanza, na iligharimu mshumaa nusu.

Kulipeleka chumba cha kulia ni kazi ya watu wanne na mlango mmoja, ambao baadaye utapakwa rangi upya. Tulilisimamisha ukutani, kioo kikitazama meza. Jumapili ile shemeji alikuja kula. Watu wengi hufikia uzee bila kujiona wakitafuna. Shemeji alinyanyua macho katikati ya mfupa wa supu, akakutana na nafsi yake, akauweka mfupa taratibu kama mtu aliyefumwa. Hajarudi. Kioo tulikitoa, zikabaki nguzo zake mbili zimesimama juu ya kabati kama goli la mchangani, na watoto wameshaelewa zinavyotumika.

Vyombo navyo vina yao. Droo hizi zilitengenezwa kwa kanga na leso. Hotpoti haingii hata ukiisomea dua. Sahani za wageni zinaingia, ila dazeni moja ya udongo ina uzito wa mtoto mchanga mnene, na kitako cha droo ni plaiwudi nyembamba. Wiki ya pili kilifanya tumbo. Kwa hiyo sahani zimerudi jikoni kwenye boksi lake. Kabati la vyombo sasa lina uma sita, vitambaa vya meza na chaja za simu zilizokufa. Hesabu yangu, nikijumlisha fundi, vanishi, fuso, mlango na soda za wabebaji, inafika bei ya kabati jipya na chenji ya kununulia la pili.

Mwezi uliopita shangazi alikuja kwa matibabu ya macho. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Alilala chumba cha watoto. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya kabati, begi lake miguuni, anafungua pindo la kanga. Alitoa ufunguo mdogo wa shaba, umeng'aa kwa kukaa karibu na mwili.

"Kumbe ulikuwa nao?"

"Siku zote. Hukuuliza."

Akainama, akapapasa uso wa droo ya juu kwa kidole, kushoto, kulia, akarudi katikati, pale penye kidoa cha mviringo kisichokubali vanishi. Alibandika ncha ya ufunguo hapo, akausukuma kidogo, akausukuma tena.

"Mwanangu," akasema, "haya macho yangu, au?"