Wakanada, Wachina na Mrusi Mmoja

Baba yangu ni Mchina. Anayekaa kushotoni kwake kikaoni, mzee wa Masasi mwenye fimbo ya mpingo, ni Mkanada. Yule wa karibu na dirisha anayekunywa chai bila sukari ni Mrusi, na kwa kuwa yuko peke yake hupiga kura kama kambi nzima. Wote ni Watanzania wa kuzaliwa, wote walivaa sare za JWTZ, na leo ni wastaafu wa kikosi cha anga wenye chama chao hapa Morogoro. Uraia huu wa pili waliupatia karakanani.

Jeshi letu la Wananchi liliundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari, na kwa upande wa anga ilibidi kuanza na walimu wa kuazima. Walitangulia Wajerumani wa Magharibi. Hao hawakudumu, mwaka 1965 walifungasha kwa ugomvi wa kidiplomasia uliohusu Ujerumani Mashariki, ndiyo maana chamani hatuna Mjerumani. Wakaja Wakanada na ndege za uchukuzi, Otter na Caribou, wakakaa mpaka mwaka 1970. Wakafuata Wachina na ndege za kivita, pamoja na ujenzi wa kituo cha Ngerengere, kisha katika miaka hiyohiyo ya 1970 Warusi wakaleta MiG-21. Kila mgeni alikuja na vitabu vyake, spana zake na namna yake ya kushika tochi. Wageni walikwenda zao. Wanafunzi wamebaki, na kila kundi linaamini mpaka kesho kwamba wenzao walifundishwa na mafundi baiskeli.

Mimi sijawahi kuwa mwanajeshi. Nilifanywa katibu kwa sababu nina kompyuta na naona maandishi madogo, na uteuzi ulitangazwa na baba mezani, kati ya ugali na maji ya kunawa. Hakuuliza kama nimekubali. Nyumbani kwetu hata mwiko una mahali pake: ukuta wa jikoni umechorwa vivuli kwa rangi nyeusi, cha upawa, cha kisu, cha kijiko kikubwa, kama ubao wa vifaa wa karakana, ili chombo kikikosekana pengo lionekane toka mlangoni. Mama alipinga miaka mingi. Siku hizi naye akiona pengo huanza kutupigia simu mmoja mmoja.

Vikao huitishwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu wote wameshafika, wamenyoa ndevu, wanaitana afande. Ajenda huenda vizuri mpaka tufike Mengineyo. Hapo husimama mzee aliyekuwa Mwanza wakati wa vita vya Kagera, na anayoyasema ni kweli tupu: Machi 1979 Gaddafi, akimtetea Amin, alituma ndege ya Tu-22 kushambulia Mwanza. Ikaikosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Tatizo ni hao swala. Nilipoanza kuandika mihtasari walikuwa kadhaa. Baadaye wakawa kundi. Kikao kilichopita ilibidi nimwombe afande kwa heshima zote awaache wachache hai, maana Saanane ni kisiwa kidogo na leo ni Hifadhi ya Taifa, wageni wanahitaji cha kuangalia. Akaniambia niandike kama alivyosema. Nimeandika.

Ugomvi mkubwa, lakini, ni wa vipimo. Aliyefunzwa kwenye Caribou anahesabu kimo kwa futi na nati zake ni za inchi. Aliyefunzwa kwenye ndege za Kichina au Kirusi anasoma mita, na spana zake ni za milimita. Ukiwaweka pamoja kupima meza, utakwenda nyumbani bila meza. Mwaka tulioamua kuwa na bango la chama, Mhazini, Mkanada wa damu, alimpigia simu mchapaji akamwambia ukubwa ni sita kwa tatu. Mchapaji, mtoto wa juzi, hajui futi ni mdudu gani. Akachapa mita. Bango lilikuja limebebwa begani na vijana wawili kama mkeka wa msikitini. Tulipolitundika lilifunika ukuta, madirisha yote mawili na swichi ya taa, na Mwenyekiti akahutubia gizani akiwa chini ya herufi W yenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Kulirudisha ilikuwa hasara. Likawa turubai la misibani, na kwa kazi hiyo halina mpinzani mkoa mzima. Wachina husema hilo ndilo bango pekee sahihi ambalo chama kimewahi kuagiza.

Lilikuwa juu ya keria siku tulipokwenda kumzika mwenzao Korogwe. Tulikodi Coaster. Dereva alikuja alfajiri, akawasalimu, "Shikamooni wazee wangu," akapanda kwenye kiti chake akidhani safari imeanza. Wazee walikuwa wanaizunguka gari. Mmoja anapiga teke matairi, wa pili kalala kifudifudi juu ya gazeti anamulika chini, baba kachomoa kijiti cha oili na kukifuta kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani. Mzee wa Masasi aliinuka na uso wa wasiwasi: chini ya injini hapakuwa na hata tone. Caribou ina injini mbili za pistoni, kila moja silinda kumi na nne zilizopangwa duara, na zinavyovuja oili fundi wake hujifunza kuogopa ile isiyovuja, maana huenda imekwisha. Ilichukua dakika nyingi kumshawishi kwamba Wajapani wameziba.

Baadaye baba akaazima spana namba kumi na tatu kwa dereva, akaze nati moja ya betri. Akakaza. Tukapanda, dereva akawasha.

"Spana imerudi?"

Haikuwa imerudi. Jamani, msomaji ambaye hajaishi na fundi wa ndege hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Ndege hairuki mpaka kila kifaa kihesabiwe, kwa sababu spana iliyosahaulika kwenye njia ya hewa ya injini ya jeti humezwa, na injini ikishaimeza haisagi tena kitu kingine. Kwa kanuni hiyo Coaster ilizimwa. Wazee wenye magoti mabovu walishuka wote. Mabegi yalishushwa, bango likakunjuliwa uwanjani, viti vikapekuliwa. Dereva alisema spana hiyo ni ya kwake na ameisamehe. Hakuna aliyemsikiliza. Jua lilishachomoza sana ilipoonekana mfukoni mwa konda, aliyeichukua kufungulia soda.

Korogwe tulifika watu wameshatoka makaburini. Mwenyekiti, ambaye njia nzima alikuwa akitunga namna ya kuomba radhi, alimweleza mjane habari ya spana bila kuficha kitu. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, hata yeye asingekubali muondoke." Wakacheka, wakalia, wakafunga turubai.

Usiku, tukirudi, Coaster ilikohoa karibu na Mkata, ikakohoa tena, ikasimama. Dizeli imekwisha. Oili ilipimwa, matairi yalipigwa mateke, betri ilikazwa; geji ya mafuta kila kambi ilidhani ni kazi ya kambi nyingine. Palepale kando ya barabara baba akaanza: "Kwa Wakanada si jambo geni. Mwaka 1983, hukohuko Kanada, Boeing 767 iliishiwa mafuta hewani. Walichanganya ratili na kilo!" Kweli ilitokea. Mzee wa Masasi akajibu kwamba rubani Mkanada aliitua ndege hiyo Gimli bila injini hata moja na abiria wote wakatoka hai, aonyeshwe Mchina wa namna hiyo. Mwendesha bodaboda tuliyemsimamisha alibaki anageuza shingo. Mkanada alimwagiza galoni nne, Mchina lita ishirini. Kijana akauliza galoni ipi, ya maji au ya mafuta ya kula. Mrusi, bila kuinua sauti, alimpa noti na kumwambia, "Jaza dumu."

Dumu lilikuja, tukamimina kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Injini ikagoma, maana dizeli ikikauka, upepo huingia kwenye mirija na lazima utolewe. Sijawahi kuona furaha kama ile. Wazee waliovuta miguu tangu Korogwe walijaa kwenye injini, huyu anapampu kwa mkono, huyu kashika tochi, huyu analegeza nati kwa spana ileile namba kumi na tatu na kutazama mapovu yakiisha. Hakuna aliyetaja futi wala mita. Injini ikashika. Dereva akapiga honi, tukapanda, konda akafunga mlango, gari ikasogea hatua mbili.

"Simama! Ile chupa ya kumiminia iko wapi?"