Magendo ya Kichanga

Mama yangu ana sheria moja ambayo hata mkwewe, mwanamke aliyesoma mpaka chuo kikuu, hajawahi kuipinga mbele yake: mtoto hanunuliwi nguo kabla hajalia. Kununua mapema ni uchuro. Ukimuuliza uchuro gani, anakukazia macho mpaka unajutia swali. Mama ni mtu wa Pangani. Sisi wanawe wote tulizaliwa tukafungwa kanga zilizokutwa ndani, na tumekua, na anatutolea ushahidi huo kila mara, ingawa kuna siku akimtazama kaka yangu anasita kidogo.

Basi wifi yangu aliposhika mimba yake ya kwanza, nyumba yetu ya Buguruni ikageuka bandari ya magendo. Haya nayajua kwa sababu mimi ni fundi. Cherehani yangu iko barazani, na siri yoyote yenye uzi lazima ipite kwangu ipunguzwe, ipindwe au iwekwe lastiki.

Wa kwanza kuja na mzigo alikuwa kaka. Alikuwa amekwenda Karume alfajiri, saa ya kufungua mabelo. Soko lile la Mchikichini liliungua Januari 2022, na bado ukifika mapema utakuta nguo za watoto zimemwagwa juu ya turubai, watu wameinama wanachambua, na muuzaji yuko juu ya meza anaimba bei. Mimi na mitumba tuna ugomvi wetu wa zamani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa sokoni ndani ya miaka 3, mafundi tulifurahi. Marekani ikakunja uso kwa habari ya AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi zetu zikalegea, Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu yake ya ushuru kwa nguo. Belo likaendelea kufunguliwa Karume, na mimi nikaendelea kupunguza viuno vya suruali za watu nisiowajua. Sikatai kwamba pamba nzuri ya mtoto, iliyokwishafuliwa mpaka ikalainika, mara nyingi utaipata humo kuliko dukani. Lakini lazima ujue kuchambua. Unavuta lastiki kuona kama ingali hai. Unafunua shingo kutafuta ule umanjano wa maziwa yaliyocheuliwa, maana ukikaa sana hautoki. Unapitisha kidole kwenye mshono kwa ndani, kwa sababu ngozi ya kichanga itakaa huko ndani, haitakaa nje kwenye ua la mapambo.

Kaka hakuchambua. Kaka alipendezwa. Alinitolea kwenye mfuko mweusi suti ya vipande vitatu, na tai yake, na jinsi yenye mifuko ya nyuma.

"Hii nimechukua themanini," akaninong'oneza. "Kulikuwa na tisini na mbili, nikaona kubwa."

"Themanini nini?"

"Saizi, Fundi."

Nikachukua futi kamba. Lebo za Ulaya hupima urefu wa mtoto mwenyewe kwa sentimita: 50 ndiye anayezaliwa, 56 wa mwezi mmoja au miwili, 62 karibu na mitatu. Themanini ni mtoto wa mwaka. Nikamwambia kaka kwamba mwanawe, kwa hesabu hiyo, atatoka leba akitembea. Akaniambia nisiwe na haraka, zipo nyingine, akatoa lundo la fulana za Kimarekani zilizoandikwa 6M. Alikuwa ameielewa M kuwa midiamu. Ni miezi.

"Usimwambie Mama," akasema. "Na mke wangu pia usimwambie, nataka kumshtukiza."

Akavitia vyote kwenye sanduku juu ya kabati la chumbani kwao, akanyunyizia vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, kwa ukarimu wa mtu ambaye hakununua vidonge mwenyewe. Sanduku lile likakaa juu ya kichwa cha mke wake usiku na mchana.

Wifi naye hakuwa amelala. Mzigo wake ulikuja na bodaboda, ukitoka kwa muuzaji wa mtandaoni, na alinipa nimfichie huku amenishika mkono: "Wifi, nisitiri." Seti nyeupe tupu, kuanzia kofia mpaka soksi, iliyopendeza mno kwenye picha. Mimi nina tabia mbaya ya kuchomoa uzi na kuuchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukanukia karatasi na kuacha jivu linalopeperuka. Uzi wa plastiki hujikunyata, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi. Wa seti ile uliacha kitone. Sikumwambia. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane katika joto la Dar es Salaam ana mambo ya kutosha ya kumtoa jasho.

Kisha likafika furushi la basi kutoka Njombe. Mama yake wifi, ambaye kwetu tunamwita Bibi Makete, alikuwa ameshika sindano za kufuma tangu alipopewa habari. Kuna wakati wa mwaka Makete nyasi zinaamka na barafu, na mtoto wa huko asiyevikwa sufu ni mtoto anayeteswa. Kwa hiyo tulipokea masweta, kofia zenye masikio, viatu vya nyuzi, suruali zilizoungana na soksi, na blanketi zito kiasi kwamba nililibeba kwa mikono miwili. Wifi alilia kidogo, akalinusa. Halafu tukalificha kwenye gunia langu la mabaki ya vitambaa, chini kabisa.

Na ndipo akaja Mama.

Alikuja mchana nyumba ikiwa kimya, na rundo la kanga chakavu, zile ambazo wanga wake ulikwisha miaka mingi iliyopita na jina limefifia. Kanga mpya haifai kwa mtoto. Inasimama yenyewe, na maji yanateleza juu yake. Ya zamani hunywa. Mama alikuwa ameshazikata vipande vya mraba.

"Nipindie hivi."

"Vya nini, Mama?"

"Vya kufutia vumbi."

"Vyote hivi? Na mishono miwili miwili?"

"We pinda tu."

Nikapinda. Mraba ule ukiukunja pembetatu unakuwa nepi. Hilo hata mtoto wa shule analijua. Baada ya siku kadhaa nikamwona uani anavichemsha kwenye sufuria kubwa, kisha anavipiga pasi pande zote mbili kwa makini ambayo vumbi la nyumba ile halijawahi kuheshimiwa nayo. Nikanyamaza. Nilikuwa na siri za watu wanne, na kila mmoja alikuwa akiwalaumu wenzake, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna anayejiandaa.

Mambo yaliharibika kliniki. Muuguzi alikuwa akiwafundisha kina mama kuhusu nguo, akafika kwenye naftalini, ambayo ndiyo vile vidonge vya nondo. Akaeleza kwamba wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwamba upungufu huo ni wa kawaida zaidi kwenye nchi ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi, yaani kwetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya naftalini, au akivikwa nguo iliyokaa nayo, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, anapata manjano, na manjano makali huweza kuharibu ubongo. Kwa macho humtambui. Kwa hiyo, akasema, hakuna nguo ya kichanga inayohifadhiwa na vidonge hivyo, basi.

Wifi akarudi nyumbani akinusa. "Wifi, mbona chumbani kwetu kunanuka hizo dawa?"

Nikatoboa siri ya kaka. Sikuwa na njia. Sanduku likashushwa, vidonge vikatupwa mbali, chumba kikafunguliwa madirisha. Suti ilizua kicheko, lakini wifi alishaamua: kila kitu kifuliwe, cha sanduku na kisicho cha sanduku, kisha kikae kwenye hewa siku nyingi. Tukasubiri siku ambayo Mama angekuwa Mbagala kwenye hitma. Ilipofika, tukaloweka magendo yote, ya kaka, ya wifi na ya Bibi Makete, tukayafua kwa sabuni ya mche na kuyasuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Kamba zikajaa ua mzima. Mpango ulikuwa nguo zikauke, tuzipige pasi, kisha tuzihamishie kwa jirani kabla Mama hajarudi. Pasi haikuwa mapambo. Kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi akatunga kitu mfano wa jipu. Joto la pasi huyaua mayai. Mtu mzima atavumilia, kichanga humtakii.

Ilikuwa mwanzo wa Machi. Adhuhuri wingu likasimama juu ya Buguruni, na masika yakaamua kuanza siku ile. Kabla hatujatoa hata kofia moja, umeme ukakatika. Nikawasha mkaa wa pasi ya zamani. Nyuma yangu wifi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chupa imepasuka. Nikadhani chupa ya chai.

Katika hali hiyo ndimo Mama alimoingia. Mvua ilikuwa imeivunja hitma mapema. Alisimama getini na mwavuli wake, akatazama kamba ya kwanza, yenye suti na tai. Akatazama ya pili, yenye nyeupe tupu. Akatazama ya tatu, masweta yakichuruzika maji, kila moja limerefuka mpaka magotini.

"Nani kazaa humu ndani?" akauliza.

Wifi alikuwa ameshika ukuta. "Bado, Mama. Ila nadhani ndiyo sasa."

Sijawahi kuona uchuro ukisahaulika kwa kasi namna ile. Kaka alikimbilia bajaji. Mimi nikatafuta nguo kavu ya mtoto, hata moja, na katika nyumba iliyokuwa na nguo za kuvisha wodi nzima haikuwapo. Zote zilikuwa zinatona uani. Nikamtazama Mama. Mama akatazama mvua.

"Mama," nikasema, "vile vitambaa vya kufutia vumbi viko wapi?"

Hakunijibu. Aliingia chumbani kwake, akakaa kidogo, akatoka na mkoba uliokwisha kufungwa. Ndani mlikuwa na nepi za kanga zimepangwa kwa rula, mpira wa kulalia, pamba, glavu za mkunga, doti ya kanga kwa ajili ya mzazi, fulana laini zilizo wazi kifuani, na kofia ndogo ya pamba ambayo bei ya duka ilikuwa bado inaning'inia.

"Hiyo nimepewa," akasema, kabla mtu hajamuuliza.

Mtoto alizaliwa usiku ule, wa kike, kilo 3.8. Akakaushwa, akalazwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, akafunikwa kanga ya Pangani na kuvikwa kofia ya kupewa. Kumuogesha wakasema kungoje saa 24. Seti nyeupe ya picha haikupita mabegani. Nilifumua mikono akaivaa kwa muda wa kupigwa picha moja, akaipinga kwa sauti kubwa, akavuliwa. Suti ingali kwenye sanduku. Kaka anasema tai haina jinsia.

Bibi Makete alishuka basi wiki iliyofuata, akakuta mjukuu wake amelala na nepi na kifulana, feni likizunguka upande wa pili wa chumba, akapiga kelele iliyoamsha majirani. Akamvisha sweta. Mama akamvua. Akamvisha tena, na soksi. Mama akasubiri aende kuoga, akamvua. Mtoto akatoka harara shingoni na kwenye mikunjo yote, na muuguzi akaamua kesi: mvalisheni tabaka moja, labda mbili, zaidi ya mlizovaa nyinyi wenyewe kwa hali ya hewa ile ile. Siku hiyo Mama alikuwa amejifunga kanga moja. Hesabu ikawa ya upande wetu, na Bibi Makete akaondoka na sindano zake akisema tutaonana Juni.

Juni tukaenda, sote, kumwonyesha mtoto kwa babu yake. Mama alikataa kubeba hata koti. Ana kanga zake mbili. Asubuhi ya kwanza nyasi za uani zilikuwa nyeupe. Mtoto alikuwa ndani ya kila kitu kilichowahi kufumwa kwa ajili yake, viatu vya nyuzi, kofia yenye masikio, blanketi la mikono miwili, mashavu mekundu, anacheka. Mama alikuwa jikoni, karibu na moto kuliko sufuria, na ushungi umebakiza macho tu.

Bibi Makete akafuma mstari mzima, akageuza, akafuma mwingine.

"Mkwe," Mama akasema mwishowe, "hizi zako, za watu wazima zipo?"

"Fundi," Bibi Makete akaniambia bila kuinua macho, "lete futi kamba. Mpime mama yako kifua."

Mama akainua mikono. Nikazungusha, nikasoma: mia moja na nne.

Kaka, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda nyuma yetu, akauliza kama hizo ni sentimita au miezi.