Nimefika, Uko Wapi?

Anayesema siku hizi duka linakufuata mpaka mlangoni hajawahi kuishi Ruiru, mtaa wa Kimbo. Huku duka hufika stejini, likasimama, likakupigia simu.

"Boss, nimefika. Uko wapi?"

Niko nyumbani, ndugu yangu. Ndiyo maana nikaagiza. Lakini nyumba zetu hazina namba, na anwani yangu ni hadithi: ukishuka Kimbo fuata njia ya vumbi, pita kanisa la mabati, si lile la kwanza, geti jeusi mkabala na kinyozi. Mageti yote ya njia hiyo ni meusi. Kinyozi naye alihama zamani, ila mtaa mzima bado unaelekeza wageni kwake.

Programu ya simu haitaki hadithi. Inataka alama kwenye ramani, na alama yangu inaipenda Thika Road kuliko inavyonipenda mimi. Barabara hiyo pana aliyoifungua Rais Kibaki mwaka 2012 ilituokoa na foleni za kulala njiani, siwezi kuikosea adabu. Lakini haivukwi hivi hivi. Mwenye boda boda akisimama upande wa magari ya Thika, nami niko upande wa magari ya Nairobi, ramani inamwambia tumeshakutana. Tunapungiana mikono. Namwona, naona mpaka mche wa sabuni ukichungulia mfukoni, na katikati yanapita malori ya mawe ya Ndarugo. Mwishowe napanda daraja la waenda kwa miguu, nashuka, napokea unga na mafuta, napanda tena. Ada ya kuletewa nimelipa mimi, na mletaji ni mimi.

Halafu kuna jina lenyewe la mtaa. Kenya nzima Kimbo ni mafuta ya mgando ya kupikia. Niliandika kwenye maelezo, "Kimbo, karibu na steji," na mpakiaji, mtu wa huruma, akaona nimesahau kuyaweka kwenye orodha, akanitilia mkebe. Nilipopiga simu kulalamika, dada wa huduma akaniuliza kwa upole, "Kwani ulitaka mkubwa?"

Nikahamia mtindo wa kujichukulia mwenyewe. Nafanya kazi Thika, kwa hiyo naagiza mchana, nalipa kwa M-Pesa, jioni nakuta mzigo kaunta. Ndivyo tangazo linavyosema. Kijana wa kaunta aliitazama simu yangu, akaniangalia kwa masikitiko, akanipa kikapu. "Leo tuko wachache. Tukisaidiana tutamaliza haraka." Nikazunguka na orodha yangu nikiokota vitu nilivyokwisha kuvilipia. Dania haikuwepo, akaniruhusu nijichagulie kitu kingine badala yake. Kwenye matatu ya kurudi, makanga akasema mfuko umekalia kiti, basi ulipe nauli.

Haya yote yanafanyika huku mama mboga akiwa pale pale mwanzo wa njia yetu. Hukata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi bila kuangalia kisu, macho yakiwa kwa wapita njia, na mwisho wa mwezi ukikubana huandika deni kwenye kijitabu. Ndiyo maana mboga za supamaketi naziingiza nyumbani usiku.

Nikarudia kuletewa, na Jumamosi iliyopita mwenye boda boda alipotea mchana kweupe. Nikamsikia kwenye simu akisema, "Hebu ongea na huyu mama, anajua huku."

"Haloo, mzigo ni wa nani?"

Nikakohoa.

"Aaa, kumbe ni wewe, kastoma wangu." Akamwelekeza yule kijana bila kukosea hata kona: kushoto, geti la tatu, piga honi mara mbili, mbwa hana shida. Kisha, simu ikiwa bado wazi, nikasikia mfuko ukifunuliwa. "Na hii sukuma ilichumwa lini?"

Mzigo ulipofika, juu yake palikuwa na fungu la sukuma iliyokwisha kukatwa. Kijana akasema ametumwa aniambie ni shilingi thelathini, na kwamba deni la mwezi uliopita bado liko kwenye kijitabu.