Menyu Inafunguka, Keshi Haipo

Msafiri anayeondoka Chemba mbiombio kwa kukimbia machafuko huumbukia dirishani kwa wakala wa pesa. Begi liko mgongoni, salio limenona kwenye simu, na wakala anamtazama kwa huruma: "Kaka, menyu inafunguka. Keshi ndiyo haipo." Fedheha hiyo ilikuwa na msimu wake kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, maandamano yalipozuka, intaneti ikazimwa nchi nzima na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku.

Menyu hiyo ya nyota na reli haihitaji intaneti. Hupitia mnara uleule unaopitisha simu za kawaida, ndiyo maana hata kitochi hutuma pesa. Ugonjwa uko kwenye droo. Mtaji wa wakala una sura mbili: floti iliyo kwenye simu na keshi iliyo kwenye droo. Mteja akitoa, floti ya wakala hupanda na keshi hushuka. Mteja akiweka, mambo hugeuka. Siku za amani mwenye duka huleta mauzo yake jioni, mzee aliyeuza mbuzi mnadani huweka chake, na droo hujijaza bila kusukumwa. Siku ya taharuki duka limefungwa, mnada haupo, na wote waliopanga foleni wanatoa. Saa nne asubuhi wakala ni tajiri wa floti asiyeweza kumpa mtu elfu kumi. Dawa ni kubadilisha floti kwa keshi benki au kwa wakala mkuu, na hao wako mjini, ambako kila mwenye akili anaambiwa asiende.

Aliyepata nauli hukutana na tiketi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inataka tiketi mtandao; bila intaneti mashine ya konda huzungusha kiduara tu, konda akiinyanyua juu ya kofia kama anayeomba mvua, kisha jina la abiria huandikwa daftarini.

Barabara yenyewe ya kuelekea kaskazini, lami ya Dodoma hadi Babati, haina lawama.

Lakini Namanga, mpakani na Kenya, nako kulikuwa na maandamano, hivyo aliyekimbilia kaskazini aliyakuta mbele yaleyale aliyoyaacha nyuma.

Msafiri, hata hivyo, ana pa kwenda. Mzazi wa Chemba mwenye kijana Dar es Salaam yeye alikaa na redio tu. Watu waliuawa, na picha zilizoonyesha namna walivyouawa zilisambaa baada ya intaneti kuanza kurudi Novemba 3, siku Rais alipoapishwa Dodoma. Nyuma ya picha hizo ukaja ujumbe mfupi wa polisi kuonya wanaosambaza picha za kuzua taharuki. Kwa siku kadhaa wananchi hawakuwa na njia ya mtandaoni ya kuulizana kinachoendelea. Onyo lilipata njia, likaingia hadi kwenye vitochi.